Mawe meusi na ndege wa Ziwa Turkana: kutoka Isiolo hadi Loiyangalani

Tangu nirudi Mombasa watu wananiuliza njia ikoje, inagharimu kiasi gani, na ndege wako wapi hasa. Nimeyapanga majibu siku kwa siku kutoka kwenye daftari na picha za simu. Kule kwenyewe upepo haumwachi mtu aandike zaidi ya mstari mmoja.

Sisi wa pwani tumekulia juu ya mwamba wa matumbawe, mweupe, unaochongeka, na nyumba zetu za zamani zimejengwa nao. Ufuo wa mwamba wa volkano ni kitu kingine kabisa, na kwa Kenya huhitaji kuvuka bahari kuuona. Kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana lava ilitiririka ikaja kuganda ukingoni mwa maji, na kwenye vighuba vilivyo kati ya mawe hayo wanapumzika ndege waliotoka Siberia. Nilichagua Februari kwa ajili ya wageni hao, maana kufikia Oktoba hivi wengi wameshafika, na Aprili ikipita wengi wameshaondoka.

Tulikuwa wanne: mimi, binamu yangu, rafiki yetu mwalimu wa baiolojia ambaye humtambua ndege kwa mlio kabla hajamwona, na dereva, mtu wa Isiolo anayeijua kaskazini. Gari lilikuwa Land Cruiser ya kukodi, shilingi 16,000 kwa siku pamoja na dereva, mafuta juu yetu.

Jumatatu, 10 Februari: Nairobi hadi Isiolo

Lami tupu, Mlima Kenya umejificha mawinguni, hakuna la kusimulia mpaka Isiolo.

Isiolo ndipo safari inapofungwa mizigo. Tulijaza tangi na madumu mawili, tukanunua maji lita 60, kamba, na tairi la pili la akiba kutoka kwa fundi wa panchari aliye karibu na stendi. Lilikuwa tairi kuukuu, shilingi 9,000, na kabla ya kutuuzia alilizungusha mbele yetu pole pole atuonyeshe kwamba halina kiraka. Jioni tulikula nyirinyiri, nyama ya kukaangwa inayohifadhiwa ndani ya mafuta, na chapati kwenye hoteli ndogo, shilingi 350 kila mmoja. Mama mwenye hoteli aliposikia tunakwenda Loiyangalani alitufungia nyirinyiri nyingine ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. "Hii haiozi, wanangu. Huko mbele nyama mtaipata mkimkuta mtu anachinja." Alikataa kulipwa zaidi ya nusu ya bei.

Kwa watakaofuata: jazeni mafuta Isiolo. Loiyangalani yapo ya kuuzwa kwa madumu, lakini bei inapanda kadiri lori linavyochelewa. Toeni pesa taslimu za noti ndogo pia. M-Pesa inafanya kazi, ila wakala huishiwa na pesa za kukupa.

Jumanne, 11 Februari: Isiolo, Laisamis, South Horr

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Barabara kuu ya Moyale ni lami nzuri. Unavuka Ewaso Nyiro pale Archers Post, unapita chini ya Ololokwe, mlima ulioinuka wima na kilele bapa, na baada ya takriban kilomita 160 uko Laisamis. Hapo unaiacha lami kwa mkono wa kushoto.

Polisi wa kizuizi walituuliza tulikotoka na tunakolala, wakaandika namba ya gari. Mmoja aliongeza kwa upole kwamba tusitembee usiku. Msilione hili kama usumbufu. Ulizeni polisi na wenyeji hali ya njia kila kituo, maana wizi wa mifugo ukizuka sehemu fulani wao ndio wa kwanza kujua, na hakuna picha ya ndege inayostahili roho ya mtu.

Njia ya Laisamis kwenda magharibi ilitengenezwa upya kwa ajili ya kupitishia mitambo ya umeme wa upepo, karibu kilomita 208 za changarawe hadi Sarima. Ni pana na imara, lakini ina mikunjo inayotikisa kila kilichofungwa vibaya. Katikati ya nyika ya Kaisut tulisimama mara mbili kwa ajili ya tandawala, yule ndege mkubwa wa nchi kavu anayetembea kwa heshima zake, anageuza shingo kukutazama, kisha anaendelea. Mwalimu alikuwa na furaha ya mtoto. Sehemu iliyobaki hadi Illaut ni vumbi, ngamia, na vumbi tena.

South Horr ni bonde lenye miti kati ya mlima Nyiru na Ol Doinyo Mara, na baada ya ukame wa mchana kutwa kivuli chake kinakushukia kama maji. Tulipiga hema Kurungu, shilingi 1,000 kwa hema. Wasamburu wawili waliokuwa wakilinda kambi walituletea kuni bila kuombwa, nasi tukawakaribisha chai. Mmoja wao alipoona kitabu cha ndege akakifungua ukurasa baada ya ukurasa, akawa anaweka kidole juu ya kila aliyemjua na kumtaja kwa Kisamburu. Mwalimu aliandika majina yale hadi taa ikaisha chaji.

Jumatano, 12 Februari: lava

Kaskazini ya South Horr miti inakwisha ghafla, na unaanza kuona mapanga meupe yakizunguka juu ya vilima. Ni mitambo ya upepo ya Sarima, 365 kwa jumla, yenye uwezo wa megawati 310, na umeme wake unasafiri zaidi ya kilomita 400 kwa waya hadi Suswa. Upepo haukuja hapa kwa bahati. Hewa inabanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, na inapopita kwenye uwazi huo wa Turkana inaongeza kasi, hasa usiku na asubuhi. Tuliposhuka kupiga picha ilibidi mlango wa gari tuushike watu wawili.

Barabara nzuri inaishia hapo. Kinachofuata ni njia ya mawe iliyopasuliwa katikati ya uwanda wa lava, na dereva wetu alishuka akazunguka gari zima akikaza kila nati kabla ya kuendelea. Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Hata hivyo, jiwe moja lilichana ubavu wa tairi la nyuma, na jeki yetu ikawa fupi kwa ardhi isiyo na sehemu bapa.

Tulikaa hapo saa tatu hivi. Binamu yangu alitafuta kivuli chini ya gari, mimi nikakaa na mawe. Jiwe la huko ukiliona kutoka mbali ni jeusi tu, lakini ukiinama karibu lina vitundu mamia kwa mamia, vingine vidogo kama kichwa cha sindano, vingine kidole kinaingia. Ni mapovu ya gesi yaliyonaswa lava ilipoganda. Upande unaokabili upepo umesuguliwa na mchanga hadi unang'aa, na upande wa nyuma umebaki na makali yanayochana ngozi. Saa sita mchana huwezi kuliacha ganja la mkono juu yake. Ndani ya kitundu kimoja buibui alikuwa ameziba mlango kwa utando, na utando ule, katika upepo wote ule, haukutikisika.

Msaada ulikuja na lori la samaki wakavu lililotoka Loiyangalani. Dereva wake, mzee wa makamo, hakuuliza hata tumekwama na nini. Alishusha mbao mbili nene na jeki ya lori, utingo wake akaingia chini, na kwa nusu saa tairi likawa limebadilishwa. "Mwalimu, wewe kaa kando, hii kazi ina wenyewe," alimwambia rafiki yetu aliyekuwa akitaka kusaidia. Pesa alikataa katakata. Alipokea pakiti mbili za majani ya chai na kilo ya sukari, akatuachia na ushauri: kwenye mawe usikimbilie kupita katikati ya nyayo za magari, pita pale ambapo jiwe limekaa chini kabisa hata kama ni kando, na usiguse breki ghafla.

Ziwa tuliliona saa kumi jioni. Unapanda mgongo wa mwisho wa mawe, na lote liko chini yako, kijani kibichi cha mwani, limezungukwa na weusi usio na mti hata mmoja. Kisiwa cha Kusini kimelala katikati kama mgongo wa mamba. Mbali kusini unaona koni za volkano zilizoziba bonde. Wasafiri wa Ulaya, Count Teleki na Ludwig von Höhnel, walipofika hapa Machi 1888 wakiongozwa na wenyeji, na wakiwa na msafara wa wapagazi wengi wao kutoka pwani ya Waswahili, moja ya koni hizo ilikuwa bado hai, na leo inaitwa Teleki. Mlipuko wa mwisho unaojulikana katika safu ile ulikuwa 1921. Nilisimama nikiwafikiria wapagazi wale, watu wa kwetu, waliotembea juu ya mawe haya na mizigo kichwani. Ziwa wakaliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wa Austria, na jina hilo likadumu hadi 1975.

Tulilala Loiyangalani kwenye nyumba ya wageni yenye vibanda chini ya mikoma, shilingi 1,500 kwa kitanda. Chakula kilikuwa ugali na mbuta wa kukaanga, shilingi 400, kipande kinafunika sahani. Usiku kucha upepo ulishuka kutoka mlima Kulal ukipiga mabati na makuti. Beba vizibo vya masikio.

Alhamisi, 13 Februari: Ghuba ya Waelmolo

Siku hii peke yake ingetosha kwa safari nzima.

Kijana wa Kielmolo alitupokea alfajiri, tukakubaliana shilingi 1,500 kumwongoza mtu siku nzima, na mashua ya injini shilingi 3,500. Kwanza alitupeleka kwenye kijito cha chemchemi nje ya mji, akatuambia tukae kimya. Saa mbili na nusu firigogo walianza kuja, wawili wawili, kisha makundi, wakishuka kwa kasi, wakinywa haraka na kuruka. Dume mmoja alibaki, akaingia majini hadi tumboni na kutikisa manyoya yake kama anayeoga. Haogi. Manyoya ya tumbo lake yananyonya maji, na atawapelekea makinda yake nyikani.

Kisha ghuba. Hapa mawe ya lava yanajitenga, katikati kuna matope na majani mafupi, na upepo unapungua kwa sababu ya vilima. Ndege wako hapa. Picha nyingi za Turkana mnazoziona zinaonyesha mwamba mtupu na mawimbi, na ni kweli unapendeza, lakini ndege wanaokula matopeni hawana la kufanya kwenye mwamba mtupu. Mwenye darubini atafute mahali mwamba unapovunjika. Tuliona mwari wakivua kwa duara, mnandi wakianika mabawa, domomwiko wakifagia maji kwa midomo, korongo mmoja mkubwa mwekundu-kahawia aliyesimama bila kupepesa, furukombe wawili juu ya mwamba uleule, mmoja akiita na mwingine akimjibu. Heroe walikuwa wachache, mbali.

Lakini walionishika moyo ni vitwitwi wadogo. Kuna aina ambayo mwili wake haufiki gramu 40, na huzaa kaskazini ya mbali kabisa, kwenye tandra ya Siberia. Mamia yao walikuwa ukingoni, kila mmoja nyuma ya jiwe lake. Upepo ukipiga wote wanajibanza upande mmoja, ukitulia wanatoka mbio, wanachoma matope mara kumi, na upepo ukirudi wanajificha tena. Nilimtazama mmoja kwa muda mrefu, hatua chache kutoka kwangu. Manyoya ya mgongoni yalikuwa yamechakaa kingo, na kwenye bega mawili matatu mapya yalikuwa yameshatokea, yenye ukingo wa kutu. Alikuwa anavaa nguo za kurudia nyumbani.

Tulivuka kwa mashua kwenda Komote, kijiji cha Waelmolo, na hapo kiongozi wetu alizima injini. "Chini yenu ndiyo njia niliyokuwa napita na baba," alisema. Maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda, na Turkana peke yake ilimeza karibu kilomita za mraba 800 za nchi kavu kati ya 2010 na 2020. Kijiji kilichokuwa kimeungana na ufuo sasa ni kisiwa. Makaburi yamezama. Nguzo za ua wa zamani, ambao ulikuwa wa kuzuia mamba, zinatokeza juu ya maji, na juu ya kila nguzo kulikuwa na mnandi.

Waelmolo ni wachache mno, 1,100 na ushei katika sensa ya 2019, na wanaishi kwa samaki. Mzee mmoja alitukaribisha kwenye kibanda cha mviringo kilichoezekwa kwa makuti ya mkoma, akatupa samaki aliyebanikwa juu ya jiwe la lava. Tulimwuliza kuhusu maji. Alisema utotoni mwake aliambiwa ziwa linakwenda na kurudi, na amewahi kuliona likiwa mbali sana, ila kurudi kwa kasi hii hakukuona. Sayansi inamuunga mkono kuhusu kwenda na kurudi. Maelfu ya miaka iliyopita ziwa lilikuwa juu zaidi ya leo na lilimwaga maji yake kuelekea Mto Nile, ndiyo maana lina mbuta na mamba wa Nile. Sasa halina pa kutokea, na sehemu kubwa kabisa ya maji yake inatoka Mto Omo wa Ethiopia, ambako bwawa la Gibe III lilizinduliwa 2016. UNESCO iliziweka hifadhi za Turkana kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2018. Mtu anayeishi kwenye ukingo huo hashikilii usukani wa jambo lolote kati ya hayo, naye ndiye anayehamisha nyumba. Hilo lilinikaa na bado limenikaa.

Kila kijiji kina mchango wa wageni; sisi tulitoa shilingi 500 kila mmoja, na ulizeni kabla ya kumpiga mtu picha. Maji ya ziwa yana magadi na floridi nyingi, kwa hiyo bebeni ya kunywa. Na msiogelee, hata wenyeji wakisema mamba wa hapo wamezoea watu.

Ijumaa, 14 Februari: upepo

Tulikuwa tumepanga Kisiwa cha Kusini. Nahodha alitazama maji, akatikisa kichwa. Mawimbi yalikuwa na povu hadi upeo wa macho, na yeye hakutaka mjadala. Nilimheshimu sana kwa hilo. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa utafiti wa Mwingereza Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka kwenda kisiwa hicho na hawakuonekana tena. Anayetaka kisiwa aweke siku mbili za akiba, alipie hifadhi mapema kupitia eCitizen, na akubali neno la nahodha. Ila kwa ndege, sioni kwamba tulipungukiwa. Kwa mgeni mwenye siku chache ningesema abaki ghubani.

Asubuhi tulikwenda jumba la makumbusho la jangwa, lililo juu ya kilima kaskazini ya mji. Ni dogo, limepangwa vizuri, na mtunzaji alitueleza jamii za eneo hili moja moja, Waelmolo, Waturkana, Wasamburu, Warendille, kwa subira ya mtu anayependa kazi yake.

Saa kumi upepo ulilegea. Tulishuka kusini ya mji kwenye ufuo wa mwamba mtupu, na hapo ndipo uzuri wa mawe unapokuwa wa peke yake. Meusi yaliyolowa, utando mweupe wa chokaa ulioachwa na maji ya zamani, kijani cha ziwa, na Kulal, zaidi ya mita 2,200, ikigeuka zambarau nyuma yetu. Mawimbi yakiingia kwenye mianya ya mawe hutoa sauti nzito, kisha maji yanarudi yakichuja kwenye vitundu.

Jua likiwa chini kabisa, mwalimu akanishika mkono. Ndege wanne, weusi juu na weupe chini, mdomo mwekundu ambao taya la chini limelizidi la juu, walikuwa wakiruka juu ya maji ya kina kifupi wakiwa wamefungua midomo, ncha ya chini ikichora mstari usokatika. Taya likigusa samaki, mdomo unafunga. Walipita, wakageuka, wakarudi juu ya mstari uleule, mara nne au tano. Kwa Kiingereza huitwa African skimmer. Nilikuwa nimewatafuta Sabaki na mto Tana bila mafanikio ya kuridhisha, na hapa walipita kwa urefu wa chumba kutoka miguuni petu. Mwalimu hakupiga picha hata moja. Mimi nilipiga, zote ni ukungu, na nimeziweka.

Jumamosi, 15 Februari: kurudi

Tuliondoka gizani ili mawe tuyapite kabla ya joto, tukafika Laisamis saa tisa bila panchari. Illaut tulimkuta mama wa Kirendille akiuza maziwa ya ngamia kwenye kibuyu, shilingi 100 kwa kikombe kikubwa, yenye harufu ya moshi. Isiolo tulimrudishia mama wa hoteli mkebe wake, ukiwa na mbuta mkavu ndani.

Gharama nzima kwa kila mmoja wetu watatu, kuanzia Nairobi na kurudi, ilikuwa kati ya shilingi 50,000 na 55,000, na zaidi ya nusu ni gari. Mkiwa sita inashuka sana. Malori ya samaki hubeba abiria kwa bei ndogo, lakini hayana ratiba.

Orodha yetu ya ndege tumeiingiza kwenye Kenya Bird Map, ramani ya mtandaoni ya ndege wa Kenya iliyogawanywa kwa miraba, mraba kwa mraba, kwa sababu upande huu wa ziwa una kumbukumbu chache na maji yanabadilisha vighuba kila mwaka. Atakayekwenda mwezi Machi au Aprili, tafadhali ahesabu vitwitwi wa Ghuba ya Waelmolo na aandike mahali ukingo ulipo siku hiyo. Nitafurahi kulinganisha na hesabu yetu.